Hina ya Vifaranga

Siku ya tatu ya kuwekwa ndani, Raudha alikuwa ameshachoka kuwa mwali.

Si kwamba Anwar alikuwa amemtoka moyoni. Kwa Anwar hakuwa na neno, na Jumapili ikifika angemfuata Tegeta huku anatabasamu. Kilichomchosha ni kile chumba. Dirisha limezibwa kanga, feni inazungusha joto lile lile, mwili umepakwa singo na liwa hata akijikuna unaanguka unga, na kila mwenye mdomo katika Charambe nzima anapita mlangoni kumkumbusha asichotakiwa kufanya. Usile pilipili. Usicheke ovyo. Usichungulie dirishani, simu weka mbali. Na kubwa kuliko yote, lililotoka kwa shangazi yake Bi Hija na kurudiwa na mama yake kila baada ya chai: usiguse kuku.

Kuku wenyewe walikuwa vifaranga wanane wa kuchi, wa wiki tatu, waliofugwa ndani ya boksi kubwa la friji kwenye baraza la nyuma, karibu na jiko. Kwa asiyemjua kuchi, huyo ni kuku mwenye shingo ndefu, miguu mirefu na hasira za mtu aliyedhulumiwa kiwanja. Hata kifaranga wake hana adabu ya kifaranga. Anakutazama kwa jicho moja, anakupima, na ukimshika vibaya anakuchora kwa kucha zilizo kama sindano, tokea kiganjani mpaka kiwikoni, na wewe mtu mzima unamwachia mwenyewe.

Walikuwa kuchi wa marehemu baba yake, mzee Mwishehe, ambaye aliwafuga tangu Raudha hajazaliwa na hakuwahi kumpa mtu hata yai moja la kutotolesha. Alikuwa akisema kuku wake ni kama jina la ukoo, haligawiwi majirani. Matokeo ya uchoyo huo ni kwamba alipokufa, mbegu yote ilikuwa imebaki kwenye banda moja. Mwezi uliopita, kwenye hitma ya mwaka ya mzee mwenyewe, wapishi walioitwa kupika pilau walimkuta jogoo uani, amenona, hana wa kumsemea, wakamchinja. Watu wakamla jogoo wa mwisho wa marehemu huku wakimwombea marehemu. Raudha alilia siku ile kuliko siku ya msiba, na wageni wakasema binti wa watu bado ana uchungu wa baba. Tetea naye, vifaranga wake ndio kwanza wameanguliwa, akavuka barabara kwa maringo yake ya kikuchi akakutana na bajaji.

Kwa hiyo wakabaki hao wanane. Wakifa hao, kuchi wa mzee Mwishehe wamekwisha, na Raudha atakwenda kwa mume na masufuria peke yake.

Na kideri kilikuwa kimeshaingia mtaani. Kwa jirani yao Felicitas kuku walikufa mmoja baada ya mwingine, shingo zimepinda, hadi banda likabaki la kuwekea ndoo. Chanjo ilikuwepo, Raudha aliinunua kabla hajafungiwa na kuiweka kwenye friji: tone moja jichoni kwa kila kifaranga, basi. Kazi ya muda wa kuchemsha chai. Lakini ilitaka mtu anayeweza kumshika kifaranga wa kuchi akatulia, na katika nyumba ile mtu huyo alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amepakwa liwa.

Alhamisi asubuhi alimtuma kaka yake. Suleiman ni fundi simu, vidole vyake vinaokota skrubu ambazo wengine hawazioni kabisa. Alitokea uani amevaa koti zito la bodaboda na glavu, kana kwamba anasafiri kwenda Njombe. Raudha aliinua pembe ya kanga dirishani.

"Vua glavu, kaka Sule. Hutamsikia mkononi."

"Ndicho ninachotaka, nisimsikie," alisema Suleiman, lakini alizivua. Akaingiza mkono ndani ya boksi, akatoa kifaranga mmoja aliyekuwa akipiga kelele za kuibiwa.

"Usimning'inize. Mtie kiganja chini ya miguu."

"Nimemtia."

"Umembana mbavu na miguu iko hewani. Kifaranga hapapuri kwa ubaya, anatafuta pa kukanyaga. Mpe pa kukanyaga, atatulia."

Maneno hayo yalikuwa ya baba yao, na Suleiman aliyasikia tangu utotoni sawasawa na alivyoyasikia Raudha. Tatizo kusikia si kushika. Kifaranga alirusha miguu mara mbili, Suleiman akatamka neno lisilotamkwa kwenye nyumba yenye mwali, na kifaranga akatua sakafuni akakimbilia chini ya meza ya vyombo.

"Mie hawa siwezi, sista. Ona mkono, kama nimegombana na paka. Na nina simu za watu za kufungua leo."

"Jaribu mwingine."

"Ngoja ndoa ipite. Utawachanja mwenyewe huko Tegeta, na Anwar akushikie taa."

"Hadi ndoa ipite watakuwa wameshakufa, kaka."

Mama yao alitokea jikoni na mwiko mkononi. Hakumwangalia Suleiman wala kifaranga, aliangalia dirisha. "Raudha, shusha hiyo kanga. Jua linakupiga."

Kanga ikashushwa. Raudha akabaki kwenye kiza chake akimsikiliza kaka yake anavyomsaka kifaranga kwa ufagio, chombo ambacho si cha kumsakia kifaranga hata kidogo. Aliuma mto. Kweli aliuma mto, na liwa ikabaki kwenye foronya.

Jioni alijaribu mlango mwingine, mlango mgumu. Bi Hija alikuwa dada mkubwa wa marehemu, ndiye somo wa Raudha, wa kumfunda na kukaa naye, na ndiye mpambaji. Huko Mbagala mabibi harusi walikuwa wanamgombea. Ua lake la piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, lilikuwa na majani membamba kama uzi, na watu walisema hajawahi kurudia ua moja kwenye mikono miwili. Wageni wakiingia kumtazama bibi harusi, kitu cha kwanza wanachoinua ni mkono wake, na swali la kwanza ni nani kachora. Bi Hija aliishi kwa swali hilo. Alikuwa amekaa kwenye mkeka anachekecha hina, unga wa kijani ukidondoka kwenye bakuli taratibu.

"Shangazi, naomba kidogo tu. Nijifunike kanga mpaka puani, nitoke, niwatie dawa, nirudi."

"Na wakikupapura?"

"Mie hawanipapuri."

"Na huo mchubuko kwenye kidole gumba ulitoka wapi?"

Raudha alikificha kidole gumba.

"Sikiliza, mwanangu," alisema Bi Hija bila kuacha kuchekecha. "Wiki hii mikono yako si yako. Ni yangu. Watu watatoka Tegeta, watatoka Kimara, waje waiangalie, na hakuna atakayeniuliza habari za kideri."

"Kwa hiyo kuku wa baba wafe."

"Nani kasema wafe? Nitalitazama."

Nitalitazama ni neno la wakubwa. Maana yake ni kwamba mazungumzo yamekwisha. Raudha alilijua neno hilo tangu alipokuwa akiomba baiskeli, na lilimpandisha hasira vile vile.

"Kama hakuna wa kulitazama, nitatoka mwenyewe," alisema. "Mtanikuta huko huko barazani, hina na vyote. Sitanii, shangazi."

Bi Hija aliinua macho akamwangalia. Alikuwa na macho ya mzee Mwishehe, na hilo nalo lilimuudhi Raudha. "Asiyesikia la mkuu," alisema polepole, halafu akarudi kwenye chekeche lake bila kumalizia, kwa kuwa lililobaki kila mtu analijua.

Ijumaa nzima hakuna aliyelitazama. Watu walikuja na viti, watu walikuja na turubai, ukazuka ugomvi mkubwa juu ya mahali pa kuweka spika, na Raudha aliyesikia yote hayo kupitia kanga alimuuliza kila aliyeingia kama vifaranga wamekunywa maji. Wa kwanza alimwambia atulie, bibi harusi hahangaiki. Wa pili alimwambia kuku wataliwa tu siku moja. Wa tatu alimcheka. Alijiona kama mtu anayepiga kelele ndani ya mtungi.

Jumamosi baada ya chai Bi Hija aliingia na vifaa vyake. Kwanza alifungua wembe mpya akamkata Raudha kucha, kidole kimoja kimoja, akizilainisha pembe hadi zikawa za duara. Kila mwali wake hukatwa kucha kabla ya hina, hilo halina mjadala. Kisha akachora piko. Lazima tuseme ukweli, hata mwenye hasira zake alitulia akatazama. Mti mwembamba ulipanda kutoka kwenye kifundo cha mkono, ukatoa matawi, matawi yakatoa maua, na maua yakatawanyika hadi karibu na kiwiko. Bi Hija alichora ulimi umeng'atwa kidogo, kijiti hakitetemeki. Piko lilipokauka, akapaka hina nzito viganjani, kwenye ncha za vidole na kwenye nyayo, akavifunga viganja na miguu kwa mifuko ya nailoni, akampeleka kulala chali.

"Usiguse kitu mpaka Alasiri. Ukiitoa mapema itatoka rangi ya papai."

"Na vifaranga?"

"Lala," alisema Bi Hija, akachukua wembe wake akatoka.

Raudha alisinzia. Feni, joto na harufu ya hina vilimshinda, hakuna wa kumlaumu. Alichoamshwa nacho ni sauti.

Mtu aliyeishi na kuku maisha yake yote anazijua sauti zao. Kifaranga mwenye njaa analia kwa kudai. Mwenye baridi analia kwa kujiombolezea. Hii ilikuwa sauti ya tatu, fupi, ya juu, inayokatika na kuanza tena upande mwingine wa boksi. Raudha aliinuka akakaa. Jirani wa upande wa pili alikuwa amefungulia singeli, na mara mbili sauti ile ilizama ndani ya ngoma kisha ikarudi.

"Mama," aliita. Mama alikuwa amekwenda kununua nazi. "Shangazi." Hakuna jibu. "Kaka Sule."

Suleiman alifika mlangoni akiwa na furaha, jambo lililomtisha zaidi. "Ishu imeisha, sista. Shangazi kawakata kucha wote. Nilimshikia na kitambaa. Nikimaliza simu moja hapa nawatia dawa, hawana tena cha kunipapurea."

"Kawakata na nini?"

"Na ule wembe wake. Kama alivyokukata wewe."

"Damu ilitoka?"

"Kidogo tu. Matone."

Kucha ya mtu unaikata sehemu isiyo na uhai. Kucha ya kifaranga ina mshipa hadi karibu na ncha, na anayezoea kukata kucha za mabibi harusi hawezi kujua pa kuishia. Na kuku akiona damu haulizi ni ya nani. Akiwa uani na mama yake, aliyeumia atakimbia, atajificha. Kwenye boksi atakimbilia wapi? Wenzake watamdonoa kidole, kidole kitatoa damu zaidi, damu itawaita wengine, hadi boksi zima liwe linajila lenyewe.

"Watenganishe," alisema. "Sasa hivi. Kila mmoja kwenye ndoo yake. Kaka Sule, usisimame hapo, watenganishe."

Suleiman alikimbia. Kutoka uani alisema, kwa sauti tofauti kabisa, "Raudha, kuna wawili wamelala."

Hapo mwali alisimama. Aliposimama mifuko ya miguuni iliteleza, akajishika ukutani, hina ikavuja kwenye mdomo wa mfuko, na ukuta ukabaki na doa la hina ambalo lipo mpaka leo. Alitoka chumbani, akapita sebuleni katikati ya viti vya kukodi, akatoka kwenye jua alilokatazwa, kanga imemkaa shingoni, uso mweupe kwa liwa. Felicitas alikuwa akianika nguo upande wa pili wa ukuta. Alimwona, akafungua mdomo, akaufunga, akaendelea kuanika. Huyo ndiye mtu pekee wiki nzima aliyemwacha afanye analotaka.

Ndani ya boksi wawili walikuwa wamekufa kweli, na wa tatu alikuwa chini ya miguu ya wenzake, hana tena vidole vya mguu mmoja. Raudha aliurarua mfuko wa mkono wa kulia kwa meno. Akaurarua wa kushoto. Akaingiza mikono.

Walimpapura. Yeye ambaye hawampapuri, walimpapura. Wembe haukuzifanya kucha zile butu, ulizikata mshazari, kila moja ikawa na makali ya chupa iliyovunjika, na vifaranga walikuwa wameshaingiwa na wazimu wa hofu. Mistari ya damu ilijichora kwenye mgongo wa kiganja, ikapita katikati ya maua ya Bi Hija. Raudha hakuwaachia. Aliingiza kiganja chini ya miguu ya wa kwanza, akamwacha akanyage, akamwinua. Kifaranga alitetemeka, akashika kidole chake kwa vidole vinavyovuja damu, akatulia.

"Lete majivu," alisema. Baba yake alikuwa akificha damu ya kuku kwa majivu ya mkaa, wekundu ukishazibwa wenzake wanamsahau.

"Majivu ya nani?" alisema Suleiman. "Tuna jiko la gesi siku hizi."

Ilikuwa kweli. Nyumba nzima haikuwa na chembe ya majivu. Raudha alitaka kukaa chini na kulia kwa sauti, maana hata majivu sasa yalikuwa yamemwishia. Akautazama mkono wake mwenyewe. Hina ilikuwa bado nene kiganjani, mbichi, ya kijani iliyoiva, chungu kwa yeyote atakayeidonoa.

Aliichota kwa kidole kutoka kiganja cha kushoto akaibandika kwenye kidole cha kifaranga. Akaibandika kwenye cha pili. Akamzungushia kila kucha iliyokatwa, kama shangazi yake alivyomzungushia yeye asubuhi. Akamrudisha. Mwenzake mmoja alimfuata mbio, akadonoa, akatikisa kichwa kwa kuchukizwa, akafuta mdomo kwenye pumba, akaenda zake.

"Lete chupa ya chanjo," alisema Raudha. "Tutawamaliza wote kwa pamoja."

Kwa hiyo wakafanya hivyo, mwali na fundi simu, wamechuchumaa juani. Yeye alishika, Suleiman alidondosha tone jichoni, na vidole vyake safari hii havikukosea hata jicho moja. Yule asiye na vidole alikufa mkononi mwa Raudha akisubiri zamu yake. Hina ya kiganja cha kushoto ilikwisha, wakaanza ya kulia. Walipofika kwa wa mwisho, alikuwa ndani ya ndoo, na kabla Raudha hajanyoosha mkono, mkono mwingine uliingia.

Bi Hija alikuwa amerudi kutoka dukani. Hakuna aliyemsikia. Mfuko wake wa piko ulikuwa sakafuni, na alikuwa amesimama akitazama kimoja baada ya kingine: kwanza mikono ya Raudha, halafu boksi, halafu wale watatu waliolazwa juu ya gazeti. Aliingiza kiganja chini ya miguu ya kifaranga wa mwisho, taratibu, kama mtu anayefuata maneno aliyomsikia Raudha akimfunza kaka yake dirishani. Kifaranga alimkwaruza mara moja kisha akasimama.

"Umewaua kuku wa baba," alisema Raudha. Alilisema lilivyo, bila kulipamba. "Siku zote hizi naomba nifanye mwenyewe. Kila mtu ananiambia atalitazama. Haya, umelitazama."

"Sikujua kama watakulana."

"Ungeniuliza. Nilikuwa chumba cha pili."

Suleiman aliinama akajifanya anatafuta kifuniko cha chupa.

"Nilijua utakwenda," alisema Bi Hija. Alikuwa akimtazama kifaranga, si mpwa wake. "Uliniambia Alhamisi, na wewe ukisema ni kama baba yako akisema. Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Nikasema basi, nimkataze nisimkataze atakwenda tu. Akifika, akute kuku wasio na kucha. Wasimharibie."

Raudha alifungua mdomo. Alikuwa na maneno ya wiki nzima, yamepangwa vizuri, na ghafla yote hayakuwa na pa kukanyaga. Hilo nalo lilimkera. Ni afadhali kugombana na mtu mbaya kuliko na mtu aliyekuua kwa kukupenda. Akachota hina ya mwisho kiganjani mwake, akampaka kifaranga vidole huku shangazi yake ameshika, na Suleiman akadondosha tone jichoni.

Mama aliporudi na nazi zake alilia pale pale mlangoni. Bi Hija alimnawisha Raudha mikono, akamkausha, akamkalisha kwenye mwanga. Viganja vilikuwa na rangi ya papai, hapa ipo, hapa haipo. Maua ya mkono wa kulia yalikuwa yamefutika nusu, ya kushoto yamekuwa wingu jeusi. Na ile mikwaruzo, kwa kuwa hina iliingia ndani ya ngozi iliyochanika, ilikuwa imekolea kuliko kila kitu, mistari myekundu iliyokoza ambayo haitoki kwa ndimu wala kwa mafuta. Bi Hija alichukua kijiti, akakitia kwenye piko, akaukaribia mkono. Kisha akakirudisha kwenye kikombe.

"Nikichora juu yake itakuwa mbaya zaidi," alisema.

"Tuseme kachorwa saluni," alisema mama. "Yule binti wa Kizuiani, si anaharibu mikono ya watu kila siku? Nani atabisha? Jina lako litabaki salama, wifi."

Bi Hija alikifunika kikombe cha piko. Raudha naye aliona ni akili nzuri, na alichukia kuona hivyo.

Jumapili ndoa ilifungwa baada ya Adhuhuri. Bwana harusi akiwa bado nje na masheikhe, wanawake wa Tegeta waliingia chumbani kumtazama bibi harusi, wakiongozwa na shangazi yake Anwar, Bi Mwanabaraka, mama mwenye mwili na dhahabu zake, ambaye ilisemekana hakuna harusi aliyowahi kuisifia. Walimfunua ushungi, wakasema mashallah. Wakasifu macho, wakasifu nguo. Kisha Bi Mwanabaraka, kama ilivyo desturi, akauinua mkono wa Raudha.

Chumba kilinyamaza. Kilinyamaza kabisa, hadi vifaranga watano wakasikika kwenye tenga lao nyuma ya mlango, wakisubiri safari. Raudha aliuona mkono wake kwa macho ya watu wengine, wingu, papai na mikwaruzo, na alitamani sakafu ipasuke.

"Kachora nani huyu?" aliuliza Bi Mwanabaraka.

Mama alikuwa ameshavuta pumzi. "Kuna binti mmoja, saluni moja huku Kizuiani..."

"Mie," alisema Bi Hija.

Alikuwa amekaa pembeni ya bibi harusi, mahali pa somo, mgongo wima. Wanawake wa Mbagala waliokuwemo, ambao wengi wao mikono yao ya harusi ilipita kwake, waligeuka wakamtazama.

"Wewe ndiye Hija wa Charambe?" alisema Bi Mwanabaraka. "Ninayesikia sifa zake?"

"Ndiye mie. Maua ni yangu, na hayo madoa ni yangu. Na mikwaruzo ni yangu vile vile, kuliko hata maua." Hakueleza habari za kuku wala za wembe. Alitazama mbele.

Raudha hakumsamehe pale. Vifaranga watatu walikuwa wamezikwa jana yake chini ya mpapai, na uchungu wao ulikuwa bado mbichi. Lakini aliutoa mkono wake taratibu kwenye vidole vya Bi Mwanabaraka, akaupeleka kwenye goti la shangazi yake, akauweka hapo kiganja kikiwa juu, mahali ambapo kila aliyeingia angeuona. Bi Hija alitia mkono wake chini yake. Wakakaa hivyo hadi bwana harusi akabisha hodi.